Rota Nyepesi ya Profesa

Kwa methali isemayo njia ya mwongo ni fupi, sina mpinzani. Sijawahi kukamatwa kwa uongo maishani mwangu, ila kila nilipodanganya. Basi niacheni mimi, tumtazame mwenzangu.

Palikuwa na fundi wa mota aliyeitwa Profesa, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuchoka kungoja kupewa. Dada yake, aliyembeba mgongoni tangu utotoni, alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mota yake moja tu ilizidiwa kila nafaka ilipojaa, na wateja walikuwa wameanza kuhama.

"Niachie mimi, dada," Profesa alijigamba. "Nitairekebisha rota. Mota itavuta hata nyumba!"

Rota ni ile silinda ya chuma inayozunguka ndani ya mota. Profesa aliona kuwa ikiwa nyepesi itakuwa na nguvu zaidi, kama mtu aliyetua mzigo. Akaifunga kwenye kerezo, mashine yake ya kuchongea vyuma, akaichonga, akaichonga tena, ikang'aa kama kioo. Akasahau jambo ambalo hata mwanagenzi hufundishwa: kati ya rota na koili za waya zinazoizingira huachwa upenyo mwembamba kama ukucha. Ukiupanua, nguvu ya sumaku huishia njiani.

Asubuhi ya majaribio mota ilizunguka kama pia. Dada akapiga vigelegele, akamimina nafaka. Mota ikanguruma, ikalegea, ikasimama tisti. Harufu ya kuungua ikatanda.

"Inaimba vizuri," alisema mteja mmoja huku akijitwisha gunia lake, "lakini sisi hatukuja kucheza." Akaondoka, na wenzake nyuma yake.

Pale pale Profesa akaelewa alichofanya. Masikio yalimwaka kuliko hiyo mota. Maneno mawili tu yangemtosha: "Nimeharibu, dada." Lakini aibu ilimzidi, na ulimi ukatangulia.

"Umeme mdogo leo."

Mlango wa pili, msumeno wa umeme wa seremala ulikuwa ukipasua gogo kwa kelele.

"Mbona wa seremala mkubwa?" dada aliuliza.

"Basi... rota hii ilitoka kiwandani ikiwa nyembamba. Sijaigusa hata kwa ukucha!"

Dada hakugomba. Angegomba, Profesa angepata nafuu. Alimtazama tu kwa upole, kama zamani alipomfuta kamasi, akasema, "Sawa, mdogo wangu. Twende karakanani kwako, labda tutapata nyingine."

Profesa alimfuata akiwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Karakana ilikuwa ng'ambo ya uchochoro. Nyuma ya kerezo kulikuwa na ukuta ambapo Profesa, kwa kuwa msahaulifu, aliandika kwa chaki vipimo vya kila kazi. Dada akasimama mbele ya ukuta huo, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno:

"Rota ya dada. Kabla ya kuchonga, milimita mia moja. Baada ya kuchonga, tisini na saba. Kazi safi."



"Mwandiko wa nani huu, mdogo wangu?"

Profesa akatazama chini. Vidole vyake vilikuwa bado vyeupe kwa chaki.

"Wa... wa kiwandani," akasema.

Hakika, njia ya mwongo ni fupi. Ya Profesa iliishia ukutani kwake mwenyewe.