Kinu cha Mtumweni na Mashudu Matatu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kinu.

Kikafanya nini?

Kikazunguka.

Basi kaeni chini nyote. Na wewe uliyeshika kiazi, kimalize kabisa, sitaki kusikia mtu anatafuna zimwi likiingia. Hadithi hii nilipewa na mama yangu siku tunapepeta ufuta, na siku hiyo nilikula wali mkavu, bila tone la mafuta. Nanyi mtajua kwa nini.

Hapo kale, katika mji wa Kivindani, alikuwako mshindikaji mafuta jina lake Mtumweni. Alikuwa na mke, Mwatime, na mama yake mzazi, Bi Mwanaharusi. Walikuwa na kinu kikubwa cha mti, kipana hata watu wawili wangeingia humo wakakaa. Ndani yake ulisimama mchi mzito, na mchi ulifungwa kwenye boriti, na boriti ilivutwa na ngamia. Ngamia akizunguka, mchi unaponda ufuta, mafuta yanatoka kwenye mlizamu na kuingia mtungini. Kinachobaki ndani, kile kikavu, ndicho mashudu. Mashudu hupewa ng'ombe.

Kinu kilikuwa cha Bi Mwanaharusi. Mikono ilipomchoka alimpa mwanawe, akamwachia maneno matatu.

"Mfunike ngamia macho. Taja jina la mwenye ufuta. Usikirudishe kinu nyuma."

Ngamia hufunikwa macho kwa vifuniko vya ukili, asipate kizunguzungu, na adhani yuko safarini. Jina la mwenye ufuta hutajwa kila anapoanza kushindikiwa, "Huu wa fulani," mafuta ya huyu yasije yakaitwa ya yule. Na kinu kikirudi nyuma hunywa mafuta. Bi Mwanaharusi aliyaona hayo kwa macho yake, ngamia alipogutuka akageuka, na mtungi mzima ukakauka.

Basi siku moja, katikati ya msimu, magunia ya watu yamepangwa toka ndani hata barazani, ngamia akalala asiamke. Mtumweni alishika kichwa. Ufuta wa mji mzima ulikuwa mikononi mwake, na mvua zilikuwa karibu. Ukiloa umeoza, na watu walime tena mwaka mzima.

Siku ya pili akaja mtu mrefu, kanzu imeburura chini, kilemba kimemshukia hata nyusi hazionekani. Akasema amesikia habari ya ngamia. Yeye ana nguvu, atavuta boriti mwenyewe. Hataki ujira, hataki chakula, hataki hata pa kulala.

Mtumweni akamuuliza, anataka nini basi.

"Mafuta yako, mashudu yangu," akasema yule mtu.

Mtumweni nusura acheke. Mashudu! Akakubali palepale. Mgeni akaomba jambo moja dogo, afunikwe macho kama ngamia. Akajifunga vile vifuniko mwenyewe, huku amewapa mgongo.

Bi Mwanaharusi alikuwa amekaa mlangoni. Akamwita mwanawe pembeni akamwambia hajapata kuona mtu anayeomba kufungwa macho, na mtu asiyetaka wali ana anachokitaka kuliko wali. Mtumweni akamwambia mama apumzike, mambo ya kinu amwachie yeye.

Mmeshamjua mgeni? Haya, nyamazeni. Mtumweni hakumjua, na alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Yule mtu akavaa nira, akazunguka, akaimba:

*Zunguka kinu, zunguka,*
*kilicho ndani kitoke,*
*mtungi ujae, mtungi ujae.*

Alikuwa na nguvu za ngamia watatu. Kazi ya mwezi akaimaliza kwa siku nne. Kila mtu akapewa mafuta yake, na gunia la mwisho lilikuwa la nyumbani kwa Mtumweni. Kinu kikabaki kitupu, kimefagiliwa. Lakini yule mtu hakuvua nira.

"Taja jina," akasema.

Mtumweni akamwambia ufuta umekwisha.

"Wewe taja jina. Mimi nizunguke."

Mtumweni akaona ni mzaha. Akataja la kwanza lililomjia, la jirani yake Kibwana, mkulima aliyevuna kuliko wote. "Huu wa Kibwana."

*Zunguka kinu, zunguka,*
*kilicho ndani kitoke,*
*mtungi ujae, mtungi ujae.*

Na katika kinu kitupu, jamani, mafuta yakatoka. Mazito, ya manjano, yanang'aa. Mtungi ukajaa hata ukingoni. Mtumweni akapiga magoti akashukuru. Hakuuliza. Nawaambia ningekuwapo ningemkamata sikio.

Jioni ile Mwatime alipeleka uji kwa Kibwana, maana hakuonekana kutwa. Akamkuta kalala uani. Ngozi imemshika mifupa, midomo imepasuka, na alipomgusa bega alichakarika kama jani kavu la mgomba. Mwatime akajaribu kumwinua, akamwinua kwa mkono mmoja. Mwanamume mzima, mwepesi kama ungo. Pumzi ilikuwamo, na macho yalikuwa yanamtazama.

Mwatime uji ulimwagika, hakujua umemwagika lini. Akamwambia mumewe. Mumewe akasema ni homa ya msimu.

Siku ya pili yule mtu akavaa nira. "Taja jina," akasema. Mtumweni akatazama mtungi wa jana, akatazama mtungi mtupu. Akamtaja Mashavu, mama muuza vitumbua, mnene, mcheshi, kicheko chake kinasikika mitaa mitatu. "Huu wa Mashavu." Mafuta yakatoka, mengi kuliko ya jana.

Na Mwatime akaenda kwa Mashavu, akamkuta ameanguka kando ya chungu chake, mkavu, mwepesi, kitumbua kimoja kinaungua motoni. Safari hii aliweza kunong'ona. Alisema alikuwa anapika, akasikia sauti ya Mtumweni ikimwita, akaitika "Abee." Tangu alipoitika hana nguvu.

Mwatime alirudi nyumbani mbio. Akamweleza mumewe kila kitu, na Bi Mwanaharusi anasikia. Mtumweni rangi ilimtoka, akasema kesho ni siku ya kufunga kinu, atafunga kama desturi kisha amwondoe yule mtu, na jina la mtu hatalitaja tena.

Alisema kweli, alikuwa amekusudia hivyo. Lakini sikilizeni desturi yenyewe. Siku ya kufunga kinu hushindikwa ufuta wa nyumbani, na mwenye kinu huchota mafuta ya kwanza kwa upawa akajipaka kichwani na kifuani. Miaka ishirini Mtumweni alikuwa akifanya hivyo. Na miaka ishirini alikuwa akitaja maneno yaleyale.

Basi asubuhi akasimama mbele ya kinu. Akasahau kwamba gunia la nyumbani lilikwisha shindikwa kwa haraka za siku ya nne. Mawazo yalikuwa kwa Kibwana na Mashavu. Mgeni akavaa nira, na mdomo wa Mtumweni ukajisemea wenyewe.

"Huu wa kwetu. Wa mama yangu, Mwanaharusi."

*Zunguka kinu, zunguka,*
*kilicho ndani kitoke,*
*mtungi ujae, mtungi ujae.*

Mafuta yakaja, meupe, laini. Mtumweni akachota upawa mmoja, akajimiminia utosini, akajisugua kifua. Ndipo harufu ikampanda. Hayakunukia ufuta. Yalinukia asumini, na ile kanga ya zamani aliyobebewa mgongoni alipokuwa mtoto.

Mikono ikamsimama kifuani. Upawa ukaanguka. Akageuza macho ndani ya kinu, kitupu, hamna hata punje.

Na kutoka ndani Mwatime akaita jina la mama.

Mtumweni aliingia mbio akasimama mlangoni, hakuweza kupita. Bi Mwanaharusi alikuwa kitini. Kanga ilikuwa imekaa juu yake kama imetundikwa kwenye kigingi. Macho mawili tu ndiyo yaliyobaki makubwa, nayo yalimtazama mwanawe. Mtumweni alishika mwimo wa mlango, na mafuta ya mama yake yanamtiririka shingoni.

Huko nje yule mtu akacheka. Sauti haikuwa ya mtu tena. Ilitoka chini, kama inatoka kisimani.

"Mafuta yako, mashudu yangu. Nipe mashudu yangu matatu."

Zimwi! Ndiyo, zimwi, na Mtumweni mwenyewe ndiye aliyekubali masharti. Akaketi chini pale mlangoni akalia kwa sauti.

Mwatime hakulia. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini aliyakumbuka maneno matatu ya mama mkwe wake. Ngamia aliyefunikwa macho hajui aendako. Jina hutajwa. Na kinu kikirudi nyuma hunywa mafuta.

Akachota maji kwenye kata, akatoka nje. Akaliambia zimwi kwa adabu kwamba mashudu yake yapo pale pale, hakuna atakayelidhulumu. Ila kwao mvuta kinu hunywa maji kabla ya kulipwa. Na tena, akasema, limebaki jina moja ambalo halijatajwa.

"Jina la nani?"

"Langu. Mashudu manne si bora kuliko matatu?"

Zimwi likalamba midomo. Likasema na aje na hayo maji.

Mwatime akanyoosha kata. Zimwi likaifuata sauti ya maji. Yeye akasogea hatua moja kulia, likageuka. Akasogea tena, likageuka. Akasogea mara ya tatu, likageuka, sasa linatazama lilikotoka, na halijui. Likanywa. Mwatime akaihamisha kamba upande wa pili wa nira, taratibu, kama alivyomfanyia ngamia mara nyingi.

Zimwi, kwa tamaa ya jina la nne, likaanza kuvuta, likaimba. Mwatime akamimina mtungi wa kwanza ndani ya kinu, akanong'ona, "Huu wa Kibwana." Akamimina wa pili, "Huu wa Mashavu." Akamimina wa tatu, "Huu wa Mwanaharusi." Na kinu, kikirudi nyuma, kikanywa. Kilikunywa kwa kelele, gugu, gugu, gugu.

Uani kwake Kibwana akainuka akakaa. Mtaa wa pili Mashavu akadai maji, kisha akauliza nani ameunguza kitumbua chake. Ndani ya nyumba Bi Mwanaharusi akavuta pumzi ndefu, mashavu yakajaa, kanga ikamkaa mwilini.

Mafuta yakaisha. Kinu hakikusimama. Kilikuwa bado na kiu, na hakikuwa na cha kunywa ila anayekivuta.

*Zunguka kinu, zunguka,*
*kilicho ndani kitoke...*

Zimwi likaona mikono inalegea. Likang'oa vifuniko, na Mwatime akayaona yale macho, mekundu, yako wima kama ya paka. Likaona linakwenda nyuma. Likataka kusimama, boriti ikalisukuma. Mzunguko mmoja, mabega yakasinyaa. Mzunguko wa pili, kilemba kikaanguka. Mzunguko wa tatu, kanzu ikalala chini peke yake, na ndani yake bonge moja la mashudu meusi. Kunguru walikuja wakalitazama, wakaruka zao.

Msishangilie. Haijaisha.

Mtumweni alimkimbilia mama yake akamwangukia miguuni. Akashika mkono wake wa kulia aubusu, akauachia kwa hofu. Mkono ule ulikuwa bado mkavu. Toka begani hata vidoleni, ngozi juu ya mfupa, hauinuki.

Upawa mmoja ulikosekana mtungini. Upawa ule ulikuwa kichwani mwake.

Alijiosha. Alijisugua kwa mchanga na majivu hata ngozi ikachubuka. Alinyoa nywele na ndevu, akazipeleka kinuni akazitia, akavuta boriti mwenyewe kinyumenyume, akitaja jina la mama yake mpaka sauti ikakatika. Mafuta yalikuwa yamekwisha mwingia.

Na mkono ule, wajukuu zangu, ndio uliokuwa ukimlisha alipokuwa mdogo.

Bi Mwanaharusi alimtazama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, nilisikia ukiniita. Ulikuwa unanitakia nini?"

Mtumweni akauficha uso kwenye kanga yake.

"Nikaitika," akasema mama. "Nilidhani unaniita tule."

Basi tangu siku ile Mtumweni hakula kabla ya mama yake. Huketi mbele yake, humega tonge kwa mkono wake, humlisha, humfuta mdomo, kisha ndipo hula yeye. Alifanya hivyo mpaka mama yule alipozikwa. Na kila alipotaka kushindika, alitia mkono kinuni kwanza, akapapasa, auone ufuta ndipo ataje jina.

Nanyi mkipata kitu kinachomiminika bila mtu kutia kitu, msipige magoti kwanza. Ulizeni kinamtoka nani.

Hadithi yangu imekomea hapo, mchi umelala na boriti imefunguliwa. Aliyeelewa akanisaidie kupepeta, na asiyeelewa akamsalimie mama yake.