Vigeuzi Viwili vya Mzee Semkiwa

Kabla ya kulinganisha, sawazisha. Ndivyo nilivyosema, na sirudi nyuma. Mmekaa hapa tangu asubuhi mnamchambua Kibibi na matokeo yake ya mtihani, mnampima na binamu yake wa Tanga mjini. Nimewatupia neno hilo, nanyi badala ya kuona haya mnaniuliza limetoka wapi. Haya, limetoka nyumbani kwetu hapa hapa Muheza, na wala si zamani. Nilikuwapo, nimekaa karibu na dirisha namenya machungwa. Lilianza hivi.

Kaka yangu, Mzee Semkiwa, hakuwa na ulevi mwingine ila muziki wa dansi. Santuri zake zilipochakaa, nyimbo zote zilihamishiwa kwenye kompyuta. Sasa wimbo ukiwa ndani ya kompyuta ni namba tupu, hauna sauti. Panatakiwa kijisanduku cha kuzigeuza zile namba ziwe sauti, ndipo iende kwenye amplifaya na kutokea kwenye spika. Sisi tulikiita kigeuzi. Kikiwa kizuri, unamsikia hata mwimbaji anavyovuta pumzi. Kikiwa kibovu, gitaa linalia kama bati.

Kaka alikuwa na watoto wawili, Hoza na Mwajabu. Wifi yangu, mama yao, alipopigwa na kiharusi, Mwajabu alikuwa kidato cha pili. Baba yake alimtoa shule amuuguze mama. Hoza aliachwa asome, na shamba la michungwa likauzwa ili afike chuo, kisha Ujerumani, akawa mhandisi wa sauti. Simlaumu mtu. Hata mimi nilikuwamo kwenye kikao kile, nikasema mtoto wa kike ndiye wa kuuguza. Mungu anisamehe.

Miaka saba Mwajabu alimlisha mama yake, akamwosha, akamgeuza kitandani. Mama akilala, yeye anafungua redio mbovu za majirani na kuzitengeneza palepale kando ya kitanda. Mpaka tunamzika wifi, yule binti alikuwa fundi hodari. Lakini kwa baba yake wimbo ulikuwa mmoja tu, mwenzako Hoza. Akitengeneza redio, mwenzako Hoza angeimaliza kwa nusu saa. Akichelewa sokoni, mwenzako Hoza hakuwa hivi. Nimeishi nao nyumba moja, sikupata kumsikia kaka akimwambia yule mtoto kwamba amefanya vizuri. Na hilo ndilo Mwajabu alilolitamani kuliko mali.

Basi mwaka mmoja akaamua kumuundia baba yake kigeuzi kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa nacho miezi minne, analehemu, anabomoa, analehemu tena, hadi akakitia kwenye kopo la biskuti. Alikusudia kumpa siku Hoza atakapokuja likizo, nyumba ikiwa imejaa. Maskini, hakujua kwamba Hoza naye amebeba cha kwake cha kumletea baba, cheusi, kizito, kinang'aa.

Jumapili, baada ya kula, kaka akaamua vishindanishwe, na kitakachoshinda ndicho kitakachokaa sebuleni. Akachagua wimbo uliopigwa siku ya harusi yake. Kikaanza kile cha kopo, kaka akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kikafuata cheusi. Besi ikajaa chumbani, tarumbeta zikasogea mbele, kaka akafumba macho na kutabasamu. Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu alichagua cheusi. Siwafichi, mimi pia nilikiona kizuri zaidi. Kaka akasema Mwajabu amejitahidi, lakini na amtazame mwenzake Hoza.

Mwajabu akakisogelea kigeuzi chake. Alichomoa nyaya zake taratibu, akaanza kuzizungusha kwenye vidole. Hoza akawa anamwangalia.

"Mbona humwambii baba?" akamwuliza.

"Nimwambie nini, kaka?"

"Kwamba changu kinatoa sauti kubwa kuliko chako. Wewe ni fundi, umeshatambua."

"Nimetambua tangu mara ya kwanza. Lakini nikisema, nitaonekana najitetea."

Hoza akainuka, akaichukua mita ya dada yake ya kupimia umeme, akapiga mlio mmoja wa kujaribia na kupima. Kile cheusi kilitoa volti mbili na nusu, cha kopo mbili kamili. Akamweleza baba yake kwamba tofauti ndogo kama hiyo sikio haliijui kuwa ni ukubwa wa sauti, hudanganyika likaiona ni uzuri. Kinachopaza zaidi kidogo ndicho husifiwa. Kaka akaja juu, akasema yeye kasikiliza muziki kabla Hoza hajazaliwa na masikio yake hayajazeeka. Hoza akakishika kigeuzi chake.

"Baba," alisema, "kabla ya kulinganisha, sawazisha."

Akapunguza sauti ya kigeuzi chake mpaka mita ikasoma sawa kwa vyote viwili. Mimi nikaenda kutoa kanga ya marehemu wifi yangu, tukavifunika, na Hoza akawa anabadilisha kwa mkono chini ya kanga bila kusema ni kipi. Wimbo ulipigwa mara kumi. Kaka alitaja akakosea, akataja akapatia, akakosea tena. Mara moja alisema hiki sasa kinamrudisha marehemu hapa sebuleni, akaapa ni cheusi, kumbe ni kile cha kopo la biskuti. Mara ya kumi akasema hajui.

Nilidhani ataomba turudie, maana namjua kwa ubishi. Badala yake akawa anaitazama ile kanga.

"Uliishia kidato cha pili," akamwambia Mwajabu.

"Ndiyo, baba."

"Nani alikutoa?"

Kaka akajijibu mwenyewe.

"Nilikutoa mimi. Mwenzako nilimpa shamba zima, wewe nikakupa mgonjwa. Kisha miaka yote hii nawapima kana kwamba niliwapa sawa. Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri tangu siku nyingi, mimi ndiye sikusikia."

Mwajabu alilia akiwa amezishika zile nyaya zake. Na mimi nililia, kwa sababu kwenye kikao kile cha kumtoa shule mdomo wangu nao ulikuwamo.

Vigeuzi vyote viwili viko sebuleni mpaka leo, vimefunikwa kanga, na kaka hataki kuambiwa kipi kinapiga. Neno la Hoza alilichukua yeye. Mtu akimjia kumsifu mwana huyu na kumponda yule, anamkatiza nalo. Majirani wakalidaka, likafika sokoni na shuleni, na leo limefika kwenu.

Sasa turudi kwa Kibibi wenu. Binamu yake wa mjini anaamka, anakuta chai mezani, na jioni ana mwalimu wa kumfundisha. Kibibi anaamka alfajiri kuteka maji, anamwogesha mdogo wake, ndipo aende shule, na hata hivyo amefaulu. Katika ninyi mliomchambua tangu asubuhi, nani amewahi kumbebea ndoo moja? Huyo anakuja na maji kichwani. Inukeni mkampokee. Kabla ya kulinganisha, sawazisha.