Fisi na Damu ya Puani

Paukwa?

Pakawa.

Hiyo ni pakawa au kikohozi? Paukwa?

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani, zamani za kale, Nungunungu na Fisi walikuwa majirani tangu utotoni. Mama zao walipikia jiko moja. Kiangazi kikikaza, upepo ukikausha hata mate, mama yake Fisi aliwapanga watoto mstari, akawapaka mafuta ya ufuta puani, mmoja mmoja, huku akiwatania. Mama huyo akafa, watoto wakakua, chupa ya mafuta ikabaki kwa Nungunungu. Salamu nazo zikawa za kuviziana.

Kiangazi kimoja Fisi akatokwa na damu puani. Akasema ni jua. Siku ya pili ikatoka tena, akasema ni ugoro wa shemeji. Siku ya tatu ikatoka, akasema ni Nungunungu: anamtupia miiba ya kichawi isiyoonekana. Akaenda kwa Mzee Nyati, mkuu wa baraza, kutaka jirani afukuzwe kisimani. Na mvua zilikuwa mbali. Kufukuzwa kisimani ni kufa kwa kiu.

Baraza likaketi. Nungunungu akasimama mbali kabisa, miiba ameilaza. Maneno ya Fisi hakuyasikiliza. Alitazama kidole cha Fisi. Fisi alishtaki, akachimba pua. Alilia, akachimba pua. Akamtaja marehemu mama yake, akachimba mpaka ukucha ukazama, ungedhani anatafuta kisima kingine.

Damu ikachuruzika. Fisi akatupa kichwa nyuma, damu ikamshuka kooni, akapaliwa. Wanyama wote wakarudi nyuma. Nungunungu peke yake akakimbilia mbele.

"Inama mbele, kaka. Bana pua hapa penye ulaini. Pumua kwa mdomo. Na leo, angalau mara moja, nyamaza."

Fisi akatii, akabana pua. Wakakaa hivyo hadi kivuli kikahama, damu ikakata. Mzee Nyati akauliza kama uchawi wenyewe ndio ule ukucha. Baraza zima likacheka. Fisi akaficha mkono.

Nungunungu akatoa ile chupa, akampaka tone kila tundu. Fisi akavuta harufu, machozi yakamlenga.

"Dada, kumbe bado inanukia jikoni kwa mama."

"Chupa iko palepale siku zote. Wewe tu ulikuwa huji."

Basi, ndugu zangu, pua hukaushwa na upepo, huchokozwa na ugoro, huchanwa na ukucha, jirani hayumo. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, kitazame kwanza kimetoka wapi.

Ngano yangu inalala hapa. Ikikupendeza, ibebe, isipokupendeza, iache mlangoni, nitaiokota nikipita.