Bi Mkasi na Mwezi wa Tende

"Anayekuchagulia mwezi wa safari, muulize anabaki na nini."

Nimewasikia mkiitupa methali hiyo, na kicheko chenu nimekisikia pia. Salha kasema binamu yake wa Doha anamtaka aende kutembea mwezi wa nane, mwenzenu mmoja akairusha, basi nyote mkaacha kazi. Chambueni, mikono isisimame. Karafuu huku, makonyo, vijiti vyake, kule. Halafu ndiyo mnaniuliza imetoka wapi. Afadhali mmeuliza, maana mnaitumia kumpigia mtu vijembe, na aliyeisema kwanza hakuwa na nia hiyo.

Methali hii ilianza hivi, tena si zamani za masultani, msije mkadhani. Simu za mkononi zilikwishafika. Aliyeisema nilimjua: Bi Mkasi, shangazi wa mama yangu, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyolala. Ukimpa chai aliinusa kwanza, hata kama umemimina mbele yake.

Bi Mkasi alikuwa mjane, akiishi nje kidogo ya Wete na mwanawe wa kiume, Khatib. Magoti yalikuwa yamemshinda, kwa hiyo shamba lao la karafuu, lililoko mbali bondeni, alikuwa hajalitia mguu kwa misimu miwili. Mikarafuu ile aliipanda marehemu mumewe, Mzee Bakari, mwaka aliomuoa. Mzee yule alikuwa mkali kwa miti yake. Mchumaji akivunja tawi kwa pupa, aliteremshwa, na siku hiyo hapandi tena. Alipokuwa katika maradhi ya mwisho hakuusia nyumba wala watoto, aliusia mikarafuu. "Usimwachie mtu akaitia mkono vibaya," alimwambia mkewe, naye akaitikia. Neno lile Bi Mkasi alilichukua kama amana.

Binti yake, Raya, alikuwa ameolewa Maskati. Mwaka huo mumewe Raya akasema anataka mama mkwe wake aende akapumzike mwezi mzima, tiketi juu yake. Bi Mkasi hajawahi kutoka nje ya nchi, na alifurahi mpaka akanunua kanga mpya. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mwezi tu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Raya alisema mwezi wa kumi na mbili. Alisema wakati huo Maskati kuna ubaridi mtamu, watu wanatoka jioni kutembea ufukweni na kwenda milimani na watoto. Khatib alisema hapana, mwezi wa saba ndio mwezi wenyewe, kwa sababu ndio wakati wa tende mbichi.

"Mama, tende ya mtini si hii tunayoletewa kwenye maboksi," alisema. "Ukifika mwezi wa kumi na mbili utakuta mitende mitupu. Nenda mwezi wa saba ule tende."

Sasa, Khatib huyu tangu utoto alikuwa hali tende. Hata Ramadhani alifuturu kwa maji. Mama yake akamtazama. Mtu asiyekula tende kapata wapi mapenzi haya?

Akenda kwa jirani yake, Bi Time, ambaye aliwahi kukaa Maskati miaka mingi na marehemu mumewe.

"Mwezi wa saba?" Bi Time aliweka chini kawa aliyokuwa akisuka. "Nani kakwambia?"

"Khatib."

"Mwezi wa saba Maskati ukishika kitasa cha mlango wa nje unaungua. Watu wanashinda ndani wamefunga madirisha, wenye uwezo wanakimbilia nchi nyingine. Tende zipo, kweli, lakini utazila umefungiwa chumbani. Bibi wewe, mwezi wa saba hapa kwetu kuna nini?"

Bi Mkasi akainuka, akashika njia ya nyumbani. Mwezi wa saba hapa kwetu karafuu zinaanza kuchumwa, kila mtoto wa Pemba anajua.

Kuanzia siku hiyo amani ilitoka nyumbani. Bi Mkasi alianza kukumbuka. Alikumbuka kwamba msimu uliopita mapakacha yaliyofika nyumbani yalikuwa machache mno, na Khatib alisema mavuno hayakuwa mazuri, ilhali majirani waliokuwa na mashamba yao walianika mpaka barabarani. Alikumbuka pia kwamba kila alipotaka kupelekwa shambani, mwanawe alikuwa na sababu. Njia imeharibika. Ng'ombe wa gari anachechemea. Mvua inakuja. Mwanamke akakaa anajumlisha, na kila alichojumlisha kikamchoma.

Naye Khatib hakujisaidia. Pasi ya kusafiria aliihangaikia mwenyewe, akampeleka mama yake kupigwa picha, akamnunulia na begi lenye magurudumu. Haraka yote hiyo ya nini? Pasi ilipotoka, Bi Mkasi aliificha ndani ya pipa la mchele, asije akasafirishwa kabla hajajua sababu, na kila asubuhi akichota mchele aliipapasa kama bado ipo.

Kisha likaja lori.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua za masika zinamalizikia. Mtu asiyemjua alisimamisha lori mbele ya nyumba, akauliza, "Mwenye lile shamba la bondeni ndiyo hapa?" Kabla Bi Mkasi hajafungua kinywa, Khatib alitokea uani mbio, akamshika yule mtu mkono, akampeleka nyuma ya banda la kuku. Bi Mkasi na magoti yake akajikongoja mpaka dirisha la jikoni. Hakusikia yote, alisikia mwisho tu.

"Rudi mwezi wa saba," Khatib alikuwa akisema. "Mama atakuwa ameshasafiri."

Niwaambieni, kuna maumivu ambayo mtu hayapigii kelele. Bi Mkasi alirudi barazani, akakaa, akamwona mwanawe akija anatabasamu na kumuuliza kama atakunywa chai. Akainywa chai ile. Lakini moyoni alikuwa amekwishamhukumu: mtoto huyu ameniibia msimu uliopita, na mwaka huu anauza shamba la baba yake mimi nikiwa nakula tende. Usiku alilia ndani ya mto asisikike. Alimlilia Bakari na amana yake, na zaidi alimlilia Khatib, kwa sababu alikuwa mtoto mzuri, na hakuona ameharibikia wapi.

Bi Time alimshauri anyamaze, ajifanye anasafiri, kisha arudi njiani amfumanie. Bi Mkasi alilifikiria jambo hilo. Mwisho akasema, "Mwanangu sitamtegea mtego kama panya. Nitamuuliza."

Ijumaa Raya akapiga simu kuulizia mwezi, maana mumewe alitaka kukata tiketi. Bi Mkasi akamwita Khatib, akamwita na Bi Time awe shahidi, akaiweka simu juu ya jamvi, sauti ikitoka nje kila mtu asikie.

"Haya mama, umeamua mwezi gani?" Raya aliuliza.

"Mimi nimeamua wapi? Mmeniamulia nyinyi, kila mtu na mwezi wake. Sasa nataka nijue. Raya, mwezi wa kumi na mbili wewe una nini?"

Raya akacheka kwa haya. "Mama nawe huachi! Haya, nina mimba. Ni changa, sikutaka itajwe kabla haijatulia. Nitajifungua mwezi huo. Lakini ubaridi ni kweli, wallahi!"

Bi Time akapiga kigelegele. Bi Mkasi alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya lori. "Ungesema hivyo toka mwanzo! Unataka mlezi wa mzazi, unaniita mgeni wa matembezi." Kisha kicheko kikamtoka usoni, akamgeukia mwanawe. "Na wewe, Khatib. Nikiondoka mwezi wa saba, wewe unabaki na nini?"

"Nabaki na nyumba, mama."

"Nyumba ipo mwaka mzima."

"Na kuku."

"Khatib."

Khatib akatazama chini.

"Yule mtu wa lori nimekusikia ukimwambia nitakuwa nimeshasafiri," mama yake akasema. "Mimi ni mzee, si kiziwi. Unauza shamba la baba yako?"

"Shamba?" Raya akapiga kelele simuni. "Kaka, unauza shamba?"

"Siuzi shamba," Khatib alisema. "Umeniuliza nabaki na nini, mama. Nabaki na shoka."

Hakuna aliyemuelewa. Basi akaeleza. Mikarafuu ilikuwa imekufa. Ilianza kukauka kutoka vileleni mwaka ule magoti ya mama yake yalipozidi, mti mmoja, kisha ulio kando yake, na dawa zote alizoambiwa alizijaribu. Msimu uliopita haikutoa hata ua. Zile karafuu za mapakacha machache alikuwa amekwenda kuchuma kibarua kwenye mashamba ya watu, akilipwa sehemu ya karafuu, ili jioni mama yake apate za kuchambua kama kawaida. Walioijua habari aliwasihi wanyamaze. Yule wa lori alikuwa mnunuzi wa kuni.

"Nilikuwa nataka niikate wewe haupo," alisema. "Ukirudi ukute nimeshapanda miche. Mwezi wa saba kila mtu anachuma, na safari hii hata pakacha moja la kibarua nisingeweza kukuletea bila ya wewe kugundua. Baba alikuusia wewe. Nilisema usione shoka linaingia."

Bi Time alikuwa ameanza kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Simuni Raya alikuwa akilia waziwazi.

"Kesho nipeleke," Bi Mkasi alisema.

Asubuhi alipakiwa kwenye gari la ng'ombe, ng'ombe yule yule aliyesemwa anachechemea, na alitembea vizuri tu. Walipoteremka bondeni aliiona mikarafuu imesimama myeupe, haina jani, na chini yake nyasi zimeota mahali ambapo Bakari hakuruhusu unyasi. Akashikwa mkono mpaka kwenye mti wa kwanza. Akaushika. Gome likabanduka mkononi mwake.

Khatib alisimama nyuma yake akingoja aambiwe ahsante, nadhani, au asamehewe. Mama yake akageuka na uso wa hasira.

"Umeniliza mara mbili," alimwambia. "Ungeniambia siku ile mti wa kwanza ulipokauka, ningeilia mikarafuu nikanyamaza. Lakini ulinificha, na mimi nikakaa nyumbani nikamlilia mwanangu mwizi. Miti nimeizika leo. Wewe nilikuzika wiki nzima, nawe unanipikia chai. Unajua uchungu wake?"

Khatib akapiga magoti pale penye nyasi. Na Bi Mkasi, mwenye magoti yasiyokunjika, akashikilia shina akajishusha polepole mpaka akakaa naye chini, akamwekea mkono kichwani, wakalia wote wawili, safari hii kwa jambo moja.

Miti ilikatwa mwezi huo huo, Bi Mkasi akiwa amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akiwafokea wakataji wasiikanyage michipuko ya mikarafuu iliyojiotea chini. Mwezi wa kumi na mbili akasafiri. Alikuta ubaridi kweli, akampokea mjukuu wa kike, na hewa ya milimani aliisifu mpaka watu wakachoka kuisikia. Na kila alipomsikia mtu hapa Wete akipangiwa safari na jamaa zake, nenda wakati huu, usiende wakati ule, alimwita pembeni na kumwambia maneno yale mnayoyachekea.

Sasa angalieni. Hakusema mshuku, maana kushuku alikwisha kushuku yeye, na kulimlaza na machozi bure. Hakusema mfumanie, ingawa Bi Time alimfundisha. Alisema muulize. Mwenye jema atajibu kwa haya, mwenye baya atajulikana, na mwenye mzigo atapata wa kumsaidia kuutua.

Kwa hiyo Salha, weka hayo makonyo, nawa mikono, chukua simu yako. Doha mwezi wa nane ni moto, hilo hata mimi nalijua, na binamu yako anayekaa huko analijua zaidi. Ana lake. Usimcheke nyuma ya mgongo wake, wala usimkubalie tu kwa sababu tiketi ni ya bure. Mpigie, useme naye kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa. Anayekuchagulia mwezi wa safari, muulize anabaki na nini.