Karatasi ya Chumba cha Kipimo

Mwanamke mmoja alikuwa na damu isiyojua mwezi. Jina lake Somoe, muuza vitumbua, mama wa watoto sita. Miezi saba damu inakuja ikitaka, inakatika ikitaka, mpaka daktari akamwambia akapigwe picha ya kizazi ijulikane kuna nini. Somoe aliogopa. Dada yake Hadiya alishalazwa kitanda kile kile cha kipimo mwaka juzi, akashuka katikati ya kipimo kwa maumivu na aibu, hakurudi tena. Walimzika na ugonjwa ambao hakuna aliyejua jina lake.

Mpimaji wa hospitali ile aliitwa Mavoa, na alisifiwa kwa wepesi. Aliwaingiza wanawake wanne kwa mpigo. Wote wavue, mmoja alale, watatu wakae kwenye benchi wakimtazama. Pazia lilikuwepo, ila alilifunga fundo juu lisimcheleweshe. Akiulizwa, husema wote ni wanawake, nani amwonee nani haya?

Zamu ya Somoe ikafika. Akaomba ajifunike kanga yake; Mavoa akaivuta, akaitupa kitini. Kifimbo cha kipimo, kile kinachopiga picha ya kizazi kwa ndani, kikaingizwa ndani yake bila neno, kama mtu anayezibua mtaro. Somoe akashika ukingo wa kitanda, akasema kinauma.

"Vumilia, mama. Umezaa sita, leo unalia na kijiti?"

Mmoja kwenye benchi akacheka, maana hofu nayo hucheka.

Somoe akageuzia uso ukutani, machozi yasionekane. Pale palikuwa na karatasi, imebandikwa kwa ajili ya wakaguzi. Mwaka ule ule alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na tangu hapo hakuna andishi alilolipita hivi hivi. Akaisoma silabi kwa silabi, midomo ikicheza, na kila neno likamtia hasira, hata akasahau kuogopa.

"Kitoe," akasema. "Hapa mmeandika mgonjwa asitiriwe, aelezwe, na akisema basi, iwe basi. Nimesoma mwenyewe."

Mavoa akakitoa. Wale watatu wakajifunga kanga zao, wakatoka. Pazia likashushwa. Mavoa akamweleza anachotaka kufanya, akamwachia akiingize mwenyewe, polepole, na safari hii hakikuuma kama mwanzo. Picha ikatoka safi. Uvimbe ukaonekana, ungali mdogo. Yote hayo yaliongeza dakika tatu.

Somoe alitoka bila furaha. Alikuwa anamfikiria Hadiya, na dakika tatu. Nyuma yake akamsikia Mavoa anaita, kwa sauti ile ile: "Haya, wanne wengine." Somoe akageuka, akarudi mlangoni, akasimama.

Ninyi mlioibandika karatasi ile, haki inayongoja kwanza mgonjwa ajue kusoma, mliiandika kwa ajili ya nani?