Kibati cha Mgodi Hakivuki Mto

Kibati cha mgodi hakivuki mto. Juzi tulimsikia jirani akimwambia hivyo mwanawe, aliyedhani heshima anayopewa kijiweni ataikuta na ukweni. Hatukuelewa. Tukamuuliza shangazi Subilaga, naye huku akichambua maharage akasema neno hilo lilitoka kwa kaka yake, Ambakisye.

Ambakisye alichimba makaa ya mawe ng'ambo ya mto miaka miwili. Kampuni haikuwalipa shilingi. Iliwapa vibati vya duara vyenye tundu katikati, na kwa vibati hivyo walinunua chumvi, sukari na blanketi katika duka la kampuni yenyewe. Wenzake walivimaliza kila mwezi. Yeye alivitunga kwenye kamba, akashindia ugali na majani ya maboga, maana alikuwa amemposa Tupokigwe. Baba wa binti alishasema mtamba wa mahari afike kabla ya Jumapili, kwani kuna mwingine anabisha hodi.

Jumamosi akavuka daraja mpaka mnadani, akachagua mtamba mwekundu, akamkabidhi mwenye ng'ombe ile kamba. Mzee akaigeuzageuza.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Hela, baba."

"Hela ya wapi?"

"Ya kampuni. Inanunua kila kitu."

"Kila kitu cha wapi?"

"Cha dukani kwao."

"Basi kanunue ng'ombe dukani kwao."

Watu wakacheka. Ambakisye hakukasirika, maana hata hakuelewa alichochekewa. Wakati wa kurudi alisimama katikati ya daraja akakitazama kibati kimoja. Hakijapinda, hakijafutika alama. Upande ule ni blanketi, upande huu ni bati tu. Akatazama na maji, labda yana la kusema.

Akaenda dukani, vibati vyote akavitoa kwa chumvi. Kuibeba kulimchukua siku mbili, mzigo baada ya mzigo, akafika nayo kwa baba yake Tupokigwe Jumatatu jioni. Mzee akaonja kwa ncha ya ulimi, akamkaribisha kiti.

"Chumvi naielewa, mwanangu," akamwambia taratibu. "Ila mtamba wa mwenzako ameshakunywa maji hapa kwangu."

Aliporudi mgodini wakamuuliza harusi ni lini. Shangazi anasema kaka yake aliwajibu: kibati cha mgodi hakivuki mto.