Mgeni Mmoja wa Namsifu

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani ambayo ninyi wenyewe mlivaa barakoa mkaogopa kupeana mikono, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Ruvuje. Sogeeni mnisikie, ila msibanane sana, maana hadithi hii ni ya watu waliokatazwa kukaribiana. Na niwaambie mapema: mwishoni nitauliza swali, na jibu lake sina. Nimelitafuta nimechoka, leo nawatwisha ninyi.

Watu wa Ruvuje waliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa walilochimba wenyewe. Maji hujaa, kisha hufunguliwa yakateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake, kuanzia shamba la juu kabisa. Na zamu ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, humruki aliye juu yako, hata akichelewa, hata akisinzia. Ya pili, zamu yako unaweza kumpa mwenzio, lakini useme mbele ya watu, na ukishasema hairudi. Kwa sheria hizo mbili waligombana, wakapatana, wakazeeka.

Ukaja ugonjwa wa pumzi. Ulianzia mbali, wakausikia redioni. Ukafika mjini, wakausikia kwenye simu. Ukapanda mlima, wakausikia kwa jirani akikohoa. Serikali ya kijiji ikaketi, ikaamua: aliyevuka miaka sitini, na mwenye pumu, akae ndani na mlango wake ufungwe. Chakula awekewe kizingitini. Asiingie mtu mpaka mwenye nyumba achanjwe. Na akishachanjwa, amfungulie mtu mmoja. Mmoja tu, yuleyule kila siku, asibadilishwe mpaka ugonjwa utulie. Msiniulize kwa nini mmoja. Woga ukishakalia kiti cha mwenyekiti hauondoki upesi.

Sasa hapo Ruvuje alikuwapo mjane, jina lake Namsifu, mfinyanzi wa vyungu, miaka yake sitini na minne. Mume alikwisha kufa, mtoto hakujaliwa, na goti lake la kulia lilikuwa limestaafu kabla yake. Mlango wake ukafungwa. Mpita njia alisimama mbali, akapaza sauti:

"Mama Namsifu, u mzima?"

"Ni mzima."

"Haya."

Akaenda zake. Mwezi wa kwanza ikawa hivyo. Mwezi wa tatu Namsifu akaanza kurefusha jibu: "Ni mzima, ila hili goti, na jana nilisikia kitu darini..." Mpita njia alikwisha kupinda kona. Mwezi wa saba akajikuta anajibu kabla hajaulizwa. Alikuwa akisuuza bakuli, akasema kwa sauti, "Ni mzima," akageuka kuangalia nani kauliza. Hapakuwa na mtu. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Namsifu alikuwa anavunda taratibu, mzima mzima.

Ndipo chanjo ikapanda mlima. Nesi aliileta kwenye zahanati ya Ruvuje, ndani ya kisanduku cha baridi. Ilikuwa ya sindano mbili, leo moja, na ya pili baada ya wiki kadhaa. Mwenyekiti akaandika orodha kwa namna aliyoijua yeye, yaani kwa zamu ya maji. Aliyekuwa juu kabisa ya mfereji ni Mbonea. Huyu alikuwa hajatimiza sitini, kwa hiyo hakufungiwa; mtu wa redio na simu, rafiki wa marehemu mume wa Namsifu, na hodari wa kulinganisha mambo.

Mbonea akalinganisha. "Hii ni ya sindano mbili," akasema. "Na ya pili isipofika? Nasikia iko ya sindano moja, huko bondeni. Na iko ile ya baridi kali, iko mji mkuu, hiyo ndiyo inayosifiwa. Ngojeni kwanza nipige simu."

"Mzee Mbonea," nesi akamwambia, "zote zimepimwa. Nzuri ni hii iliyopo. Nyoosha mkono."

"Ngoja kwanza."

Mchagua jembe si mkulima, lakini nani wa kumwambia? Na kwa kuwa Mbonea yuko juu ya mfereji, nani wa kumruka? Aliyefuata alingoja Mbonea, wa tatu alingoja wa pili, hata Namsifu, zamu yake ya kumi na moja, alipitishiwa ujumbe dirishani: "Shemeji, ngoja, nakutafutia iliyo bora." Akangoja. Siku tisa kijiji kizima kilikaa mbele ya sindano kama watu wanaongoja maji yafunguliwe. Siku ya kumi nesi akabeba kisanduku chake akateremka nacho, akaenda kuchanja watu wasio na ndiva.

Mwezi uliofuata mke wa Mbonea alikohoa siku sita akafa. Walimzika watu wanne, nao walisimama mbali hata na kaburi. Kesho yake Mbonea alipanda kwenye jiwe kubwa lililo juu ya kijiji, mahali pekee simu inaposhika, akaanza kupiga. Alipiga kila zahanati mlimani na bondeni. Ukutani kwake akaandika kwa mkaa: wapi iko ipi, zimebaki ngapi, zinaisha lini. Alifuta, akaandika. Mvua ilimnyeshea, jua lilimchoma, na kila siku kabla ya kupanda alipita kwa Namsifu.

"Shemeji, u mzima?"

"Ni mzima."

"Leo naweza kupata."

Miezi minne hakupata. Ndipo asubuhi moja akapaza sauti kutoka juu ya jiwe hadi mbuzi wakashtuka: iko bondeni, zahanati ya Kwamboni, ya sindano moja, imebaki chupa moja, chupa ya watu watano, na saa sita gari linakuja kukichukua kisanduku.

Walioinuka ni wawili. Wa kwanza alikuwa Naetwe, mwanamke mwenye pumu, aliyekuwa amefungiwa peke yake sawasawa na Namsifu, nyumba ya tatu kutoka pale. Akajifunga khanga, akashika njia kwa miguu. Huyu Naetwe na Namsifu walikuwa hawasemezani mwaka wa saba. Kiangazi kimoja Naetwe aliufungua mfereji saa ya Namsifu, akanywesha maharage yake, na vitunguu vya Namsifu vikakauka vyote. Hakuomba radhi, naye Namsifu hakumsamehe.

Wa pili alikuwa Senzia, kijana mwenye mke na watoto wawili, mbebaji wa magunia ya tangawizi. Zamu ya vijana ilikuwa bado, kwa hiyo sindano ile haikumhusu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Namsifu, akachuchumaa, akampa mgongo.

"Mama mkubwa, panda."

"Mwanangu, mimi nimekatazwa kuguswa."

"Na mimi nimekatazwa kukugusa. Panda, saa zinakwenda."

Akapanda. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, wakapita njia ya mbuzi, mwamba kwa mwamba. Njiani Senzia akasikia shingo yake imelowa, akajua mama analia.

"Ni goti? Nikutue?"

"Si goti. Usinitue."

Ilikuwa miezi kumi na moja tangu Namsifu aguswe na mtu. Hakujua kwamba mgongo wa mbeba tangawizi unaweza kumliza mtu mzima, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Huko Kwamboni saa sita ilikwisha kupita. Gari lilikwisha kufika. Lakini Mbonea, juu ya jiwe, alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika chache. "Nesi, usifunge, kuna mama njiani." Nesi akachoka naye, akampikia dereva chai, akamwongezea ya pili. Watu wanne walikwisha kuchanjwa. Wa tano alikuwa Naetwe, ameketi, amekunja mkono wa gauni, pumzi zinapiga mluzi kwa ile njia ndefu. Ndipo Senzia akaingia na mzigo wake.

Nesi akatazama chupa, akatazama watu. "Jamani, imebaki ya mtu mmoja."

Naetwe akamtazama Namsifu. Namsifu akatazama sakafu. Naetwe akasimama.

"Ninyi mlioko hapa, mnanisikia? Zamu yangu nampa huyu."

Namsifu akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka saba: "Naetwe, kaa. Wewe una pumu."

"Nimekwisha kusema mbele ya watu."

Watu wa bonde hawakuelewa. Senzia alielewa, Namsifu alielewa, na nesi akachoma sindano.

Wakarudi. Senzia, kwa kuwa amegusana na watu, akafungiwa siku kumi na nne katika ghala la tangawizi. Mkewe akaogopa, akachukua watoto akaenda kwao ng'ambo ya mlima, na siku kumi na nne zilipokwisha hakurudi. Naetwe akaingia ndani kwake, mlango ukafungwa tena, na chanjo nyingine Mbonea alipiga simu hakuiona popote. Namsifu akahesabiwa siku za chanjo kukolea mwilini, na zilipotimia mwenyekiti akaja akasimama mbali, akasema, "Mama, kuanzia kesho una ruhusa. Mtu mmoja."

Asubuhi ile Namsifu akainjika makande. Akapakua sahani mbili. Akaweka kigoda kimoja kuelekeana na chake. Alipofungua mlango, akawakuta Mbonea, Senzia na Naetwe wamesimama uani, kila mmoja mbali na mwenzake, kila mmoja akitaka awe huyo mmoja. Naetwe alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka asubuhi hiyo tu, kwa ajili ya jambo hilo, na akichaguliwa angeruhusiwa kuja kila siku.

Mbonea akasema: "Shemeji, mimi sikukuchanja, sikukubeba, sikukupisha. Lakini bila mimi usingejua iko wapi, na gari lingekwisha kuondoka. Miezi minne nilikaa juu ya jiwe kwa ajili yako. Na nikirudi nyumbani nasikia redio, redio hainisikii."

Naetwe akamkata. "Mzee Mbonea, ile ya kwanza ililetwa mpaka mlangoni petu. Nani aliyetuzuia? Miezi ile minne uliyomtafutia, wewe ndiwe uliyempotezea."

"Kweli," Mbonea akasema. "Na mke wangu nilimpoteza humohumo. Lakini kati yenu nyote mliokuwa chini yangu, nani aliniambia, Mbonea, pisha?"

Hakuna aliyejibu. Nami nawauliza ninyi pia, maana kunyamaza ni kazi ya watu wengi.

Senzia akasema: "Mama mkubwa, kujua bila kufika ni nini? Mzee aliona chanjo, miguu ya kukufikisha ilikuwa yangu. Sindano ile haikuwa yangu, sikutafuta faida. Nikafungiwa ghalani, na nilipotoka nikakuta nyumba tupu. Watoto wameacha viatu vyao mlangoni. Siwezi kuvitazama, siwezi kuviondoa."

"Wewe una mke," Mbonea akasema. "Huenda akarudi. Wangu hatarudi."

"Huenda," Senzia akasema. "Neno hilo, huenda, ndilo linaloninyima usingizi, mzee wangu."

Naetwe alisema la mwisho, na alisema polepole kwa sababu ya kifua. "Dada, hao walikupa walichokuwa nacho wakabaki nacho. Mzee bado ana simu, kijana bado ana mgongo. Mimi nilichokupa sina tena. Mlango huu ulioufungua leo ulikuwa wangu."

"Umelipa maji uliyoiba," Senzia akasema. "Mwenye kulipa hadai zawadi."

"Maji nilichukua ya saa moja," Naetwe akasema. "Hesabu mwenyewe nimelipa saa ngapi. Na tena sikulipa. Ningetaka kulipa, ningekuja miaka saba iliyopita. Nilimwona analetwa mgongoni, amelia, nikajua analilia nini, kwa sababu na mimi nilililia hicho hicho. Basi."

Namsifu akashika mwimo wa mlango. Makande yanapoa. Akasema:

"Mbonea, nikikaa na wewe nitazungumza habari za mume wangu, hapa hakuna mwingine amjuaye. Senzia, nikikaa na wewe nitakuwa na mtoto, nami sikupata. Naetwe, nikikaa na wewe tutagombana juu ya vitunguu mpaka jua litue, na sijui kama kuna kitu nilichokikosa ndani humu kama kugombana na mtu. Nawataka nyote. Mwenyekiti amesema mmoja."

Kigoda kiko pale, kimoja.

Hapo ndipo iliponiishia. Najua mnavyopenda kukata kesi upesi, yuko ambaye ulimi unamwasha tayari. Basi ajibu. Ila fahamuni jambo moja: atakayejibu ndiye atakayetoka uani kuwaambia wale wawili warudi makwao, ama kwenye redio, au kwenye viatu vya watoto, au kwenye mlango unaofungwa kwa nje.

Je, nani alistahili?